Tangi la mto kwa samaki lochi: mkondo ukidhoofika, tafuta tatizo wapi?

Kabla hujatoa pesa kununua pampu kubwa zaidi, vua sponji kwenye mdomo wa kunyonyea, ziba mdomo huo kwa wavu ili samaki asivutwe, kisha iache pampu ifanye kazi dakika moja. Mkondo ukirudi kwa nguvu, pampu yako ni nzima. Kilichokuwa kimeziba ni sponji.

Mimi nilichelewa kulijua jambo hili dogo. Tangi langu la kwanza la mto, la lita 120, hapa Arusha, nililibadilishia pampu mara mbili ndani ya miezi mitatu. Kila pampu mpya ilivuma vizuri siku chache, kisha ikalegea mapema kuliko iliyoitangulia, kwa kuwa pampu yenye nguvu huvuta uchafu mwingi zaidi kuja kwenye sponji lilelile. Tangu hapo nina desturi moja ninayowasihi wote wanaoniuliza waifuate: yafuate maji. Anzia yanapoingia, pita nayo kwenye bomba, kwenye pampu, kwenye mdomo wa kutokea, juu ya mawe, mpaka yanaporudi yalikoanzia. Kasoro utaikuta njiani.

Kwa asiyelijua tangi la namna hii: ncha moja ya tangi kuna milango ya kunyonyea iliyovishwa sponji. Kutoka hapo mabomba ya PVC hupita chini ya changarawe hadi ncha ya pili, ambako pampu za kuzamishwa zimekaa juu ya vipande vya bomba vilivyosimama. Pampu huyanyonya maji kutoka mbali na kuyatupa tena kuelekea kwenye sponji. Kwa hiyo juu ya changarawe maji huelekea upande mmoja, kama kijito, na yanarudi kwa chini bila kuonekana. Ndiyo hali inayowafaa lochi wa vijito vya milimani: Sewellia lineolata wa Vietnam ya kati, Beaufortia kweichowensis wa kusini mwa China, na jamaa zao wa jenasi Gastromyzon wa kisiwa cha Borneo. Ni samaki bapa, wengi wao wa sentimita 6 hadi 8, na mapezi ya kifuani na ya tumboni yametandazwa pembeni hadi mwili mzima ukawa kama kikombe kinachonata kwenye jiwe. Huku kwetu wapo samaki waliolitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Chiloglanis deckenii wa mfumo wa Mto Pangani hujishika kwenye mawe kwa midomo yenye umbo la sahani. Ukitaka kuelewa tangi lako linapaswa kufanana na nini, kaa nusu saa kando ya kijito cha mawe na uangalie maji yanavyopinda.

Mkondo ulikuwa mzuri, sasa umepungua

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na macho hudanganya, maana mkondo hupungua kidogo kidogo na wewe unauzoea. Kwa hiyo pima. Chomeka mpira wa maji kwenye mdomo wa kutokea wa pampu, upitishe juu ya ukingo wa tangi, kisha ujaze ndoo ya lita 10 huku ukihesabu sekunde. Mdomo wa mpira uwe usawa na uso wa maji ya tangi. Ukiushusha chini ya hapo, maji yatajivuta yenyewe na utapata namba ya uongo. Zidisha lita kwa 3,600, ugawe kwa sekunde. Lita 10 kwa sekunde 30 ni lita 1,200 kwa saa. Iandike namba hiyo siku ambayo kila kitu ni kisafi, kwa sababu ndiyo utakayoilinganisha na nyingine zote. Mimi nikiona imeshuka hadi robo tatu, nasafisha hata kama tangi linapendeza.

Usishangae pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwenye boksi ikikupa 1,200. Namba ya kwenye boksi hupimwa bila sponji, bila bomba, bila kona. Tangi la mto hutafutiwa mzunguko wa mara 10 hadi 20 ya ujazo wake kwa saa. Kwa lita 120 ni kati ya lita 1,200 na 2,400 zinazopita kweli, hapo kwenye ndoo.

Sponji ndilo mshukiwa wa kwanza. Sponji lenye vitundu vidogo sana huziba ndani ya siku chache, kwa hiyo chagua lenye vitundu vikubwa na uongeze ukubwa wa sponji lenyewe. Sponji kubwa huyavuta maji polepole juu ya eneo pana, uchafu haugandamizwi ndani, na samaki mdogo akiligusa anaweza kujiondoa. Lioshe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, ukilikamua mpaka maji yaache kuwa meusi. Usilipeleke bombani, kwani klorini itaua bakteria waliomo, nao ndio wanaokula amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Ukiwa na masponji manne, osha mawili wiki hii na mawili wiki ijayo.

Sponji likiwa safi na mkondo bado ni dhaifu, zima umeme, chomoa pampu na ufungue kifuniko chake. Ndani kuna impela, kile kipande kinachozunguka. Utakuta nyuzi za mwani zimejisokota kwenye mhimili, konokono mdogo, au punje za mchanga. Palipo na maji magumu, yaani yenye chokaa, utaona pia ganda jeupe. Idumbukize impela kwenye siki saa moja, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza.

Punje za mchanga zina habari yake. Sponji haliruhusu mchanga kupita, kwa hiyo ukiukuta kwenye impela ujue kuna kiungo cha bomba kilicholegea chini ya changarawe. Dalili nyingine ni changarawe inayotitia mahali pamoja, kama kishimo kinachorudi kila ukikifukia. Hapo pampu imepata njia ya mkato: inanyonya maji ya jirani kupitia ufa badala ya kuyafuata kwenye sponji. Ncha ya mbali hukosa mvuto, ya karibu inakula mchanga. Dawa ni kufukua na kuunga upya. Inauma, najua, lakini hakuna mbadala.

Mkondo ni dhaifu tangu siku ya kwanza

Hapa usihangaike na sponji. Tazama bomba. Nilipolijenga tangi langu la pili nilitumia bomba la nusu inchi kwa sababu lilikuwepo nyumbani. Fundi bomba aliyekuja kwa kazi nyingine jikoni aliliangalia, akaniambia, "Kaka, pampu haina kosa. Umeyabana maji kooni." Alikuwa sahihi kabisa, na hesabu inamuunga mkono. Lita 2,000 kwa saa zikipita kwenye bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 20 hukimbia takriban mita 1.8 kwa sekunde. Kwenye milimita 25 ni mita 1.1, na kwenye 32 ni mita 0.7. Pampu hizi ndogo za kuzamishwa hazikuumbwa kushindana na shinikizo, ni hodari wa kusukuma maji mengi mahali pasipo na kizuizi. Upana ukiongezeka kutoka milimita 20 hadi 25, upinzani wa bomba hupungua karibu mara tatu kwa maji yaleyale. Hakuna pampu utakayoinunua itakayokupa nafuu hiyo kwa bei ya kipande cha bomba.

Kona nazo zihesabu. Elbo (kiungo cha kona) moja ya nyuzi 90 hula nguvu kama kipande kirefu cha bomba lililonyooka, kwa hiyo pinda kwa elbo mbili za nyuzi 45 pale nafasi inaporuhusu. Na pampu mbili zisinyonye kupitia bomba moja jembamba, kwani zitagombania maji yaleyale na iliyo dhaifu itazunguka karibu bure. Kila moja iwe na njia yake, au bomba la pamoja liwe pana kweli.

Viungo vya upande wa kunyonya vibanwe kwa gundi ya bomba, viachwe vikauke vizuri, kisha visuuzwe kabla ya kuingia tangini. Kipande kinachopokea pampu kiache bila gundi ili uweze kuichomoa kuisafisha.

Samaki wanahema haraka au wanakaa juu karibu na uso wa maji

Kwanza tofautisha. Lochi kupanda kioo, hata kutokeza mgongo juu ya maji pale mkondo unaporusha matone, si ugonjwa. Ndiyo tabia yao, na ndiyo sababu tangi linahitaji mfuniko usio na mwanya. Dalili ni mashavu: yakipepea haraka kuliko ulivyozoea kuyaona, na kama wote wameondoka kwenye mawe kwa wakati mmoja, usisubiri kesho.

Sababu ziko tatu kubwa, na saa ya tukio hukusaidia kuzitenganisha. Wakihema muda mfupi baada ya kubadilisha maji, fikiria klorini. Maji yaliyokaa wazi siku nzima hupoteza klorini, lakini kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyaacha wazi hakusaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayosema wazi kwamba inashughulikia kloramini pia. Wakihema alfajiri na kupata nafuu mchana taa zikiwaka, ni oksijeni: usiku mimea na mwani huacha kuitoa na huendelea kuitumia. Wakihema mchana kutwa na usiku kucha, pima amonia na nitraiti (sumu nyingine, ambayo amonia hugeuzwa kuwa na bakteria), kisha angalia kipimajoto.

Kuna kosa la kufikiri linaloua samaki wengi katika matangi haya, nami nalirudia kila ninapopata nafasi: mkondo mkali si oksijeni nyingi. Pampu iliyozamishwa chini kabisa inaweza kuzungusha maji yaleyale kwa kasi kubwa huku uso wake umetulia kama kioo. Oksijeni huingia juu, pale maji yanapokutana na hewa. Kwa hiyo pandisha mdomo mmoja wa kutokea mpaka uso wa maji uvunjike na kutetemeka tangi zima. Jaribu hilo kwanza, ni la bure na matokeo yake huonekana ndani ya saa chache.

Joto hubana zaidi. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Kwa nyuzi 25 ni 8.3, na kwa nyuzi 30 ni kama 7.6. Sisi wa nyanda za juu hufarijika kwamba kwetu ni baridi, lakini mwinuko nao una tozo yake. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, maji ya nyuzi 22 hubeba takriban 7.4. Yaani maji yangu ya baridi hayazidi kwa oksijeni maji ya moto ya Dar es Salaam. Nafuu yangu ni kwamba samaki aliye kwenye nyuzi 22 huhitaji oksijeni kidogo kuliko yule wa nyuzi 30. Anayefuga Nairobi, juu zaidi ya hapa, asiache kuuvunja uso wa maji hata siku moja.

Maji yanang'aa, mkondo ni mkali, na bado kipimo kinaonyesha amonia

Kuyasukuma maji ni kazi moja, kuyasafisha ni nyingine. Amonia huliwa na bakteria waliojishika kwenye sponji na mawe, nao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga katika tangi jipya. Kuongeza pampu hakuwaharakishi. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, mwombe sponji lake moja lililojaa uchafu. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko samaki.

Tangi la zamani likionyesha amonia ghafla, jiulize umefanya nini wiki hii: umeosha masponji yote siku moja? Umeyaosha bombani? Kuna samaki aliyekufa nyuma ya bomba? Badilisha theluthi ya maji, acha kulisha siku mbili, pima tena. Angalia pia pH, kipimo cha asidi ya maji, kwani kwenye pH 7 na nyuzi 25 chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika umbo lenye sumu kali, ilhali kwenye pH 8 ni karibu asilimia 5. Namba ileile ya kipimo inaweza kuwa onyo kwa mtu mmoja na msiba kwa mwingine.

Uchafu unalala mahali pamoja, au samaki wamejibana kona moja

Haya mawili ni pande mbili za jambo moja, na tiba ni mawe. Dondosha chembe chache za chakula cha unga mbele ya pampu na ufuatilie zinakokwenda. Zikizunguka nyuma ya jiwe kubwa na kutua, lisogeze au ligeuze pembe. Samaki wakikaa tu kwenye kona iliyotulia, huenda mkondo umekuwa mkali kila mahali na hawana pa kupumzikia. Hata kijito cha milimani kina vivuli vya maji nyuma ya kila jiwe. Weka kokoto laini za mviringo za ukubwa tofauti, chache kubwa kama kichwa cha mtoto, nyingi kama ngumi. Jaribu jiwe kwa tone la siki, na likitoa povu liache nje, litapandisha pH.

Wanakonda ilhali unawalisha

Mtazame lochi kwa chini, aliponata kwenye kioo. Tumbo linapaswa kujaa kidogo. Likibonyea kuelekea ndani, ana njaa, na mara nyingi chanzo ni usafi wetu wenyewe. Samaki hawa huchunga: hukwangua ule utando wa mwani na vijidudu juu ya mawe, mchana kutwa. Tangi jipya lenye mawe yaliyosuguliwa halina malisho, na chakula unachotupa huchukuliwa na mkondo hadi kwenye sponji kabla hawajakifikia.

Hapa jua letu ni neema. Weka mawe kwenye beseni la maji ya tangi nje, penye jua, wiki mbili au tatu, lifunikwe kwa wavu mwembamba ili mbu wasitage. Yakiota utando wa kijani na kahawia, yaingize tangini na uyatoe yaliyokwanguliwa. Mimi huzungusha mabeseni mawili bila kukoma. Wakati wa kuwapa chakula cha kuzama, zima pampu dakika 10, ila weka kengele ya simu ikukumbushe kuiwasha.

Joto linapanda bila sababu

Sababu inaweza kuwa pampu. Umeme wote unaoingia kwenye pampu iliyozamishwa huishia kuwa joto ndani ya maji. Wati 30 katika lita 120 zingepandisha joto nyuzi 1 kwa kama saa 4 na nusu, kama joto hilo lisingepata pa kutokea. Ndiyo maana bomba pana lenye pampu ndogo ni bora kuliko bomba jembamba lenye pampu ya kulazimisha.

Lochi hawa wanataka nyuzi 20 hadi 24. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 4 palipo na hewa kavu. Pwani, kwenye unyevunyevu, husaidia kidogo tu. Nasema hili kwa kuwajali samaki: kama unaishi Dar, Mombasa au Zanzibar na huna mashine ya kupoza maji au chumba chenye kiyoyozi muda wote, usiwanunue hawa. Tafuta samaki wa mikondo ya joto. Steatocranus casuarius wa maporomoko ya chini ya Mto Kongo, aliyepungukiwa kibofu cha hewa na kurukaruka sakafuni kati ya mawe, ataishi vizuri kwenye nyuzi 26 katika tangi lilelile la mabomba.

Umeme umekatika

Tangi la mto lina udhaifu huu mmoja ambao la kawaida halina kwa kiasi hicho: wakazi wake wameumbwa kwa maji yasiyosimama, na mara moja yamesimama. Usilishe. Fungua mfuniko. Washa pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, kitu ninachokihesabu kuwa sehemu ya tangi, si nyongeza. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, mara kumi, kila baada ya robo saa. Inachosha, lakini inatosha kuwavusha usiku.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe papo hapo filta iliyofungwa kama kopo. Maji yaliyolala ndani yake yamekosa oksijeni na yameoza, na ukiyarudisha tangini unarudisha sumu. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, kisha washa. Masponji ya wazi ya tangi la mto hayana hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Kabla hujaingiza mkono majini, chomoa kila kitu ukutani, na hakikisha kila waya umening'inia chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linalotiririka juu yake lidondoke sakafuni. Kisha pima ndoo yako tena. Pampu nyingine zikizimwa ghafla hugoma kuanza kuzunguka, hutetemeka tu pale zilipo, na ukipita haraka utadhani zinafanya kazi.